Programu Ikigoma Kuzitambua Nyota: Mwongozo Kamili wa Pleti Solvingi kwa Wapiga Picha za Anga wa Mwanza

Ukiwa Mwanza huioni Nyota ya Kaskazini, hata upande kilima cha Bugando. Jiji liko digrii 2.5 kusini mwa ikweta. Ncha ya kaskazini ya anga imezama digrii hizo hizo chini ya upeo wa macho, na ile ya kusini imechomoza kidogo tu, ikajificha nyuma ya mawe, miembe na mapaa ya bati. Miongozo mingi ya kupiga picha za anga huanza kwa kusema "lenga Polaris", na msomaji wa Nyegezi au Ilemela anaachwa kwenye mataa palepale.

Ndiyo maana huku kwetu pleti solvingi si anasa. Programu inaitazama picha yako ya nyota, inailinganisha na katalogi, kisha inakuambia katikati ya picha ni RA ngapi na Dec ngapi (viwianishi vya anga, kama longitudo na latitudo za dunia), na picha imezunguka kwa digrii ngapi. Kwa taarifa hiyo maunti, yaani kitako chenye mota kinachobeba na kugeuza darubini, hujirekebisha hadi kitu unachokitaka kikae katikati. Tena kwenye NINA, programu ya kuendesha kamera na maunti, kuna nyongeza ya kupanga mhimili kwa pointi tatu, ambayo hukupangia maunti ya ikweta (ile ambayo mhimili wake huelekezwa kwenye ncha ya anga) bila wewe kuiona ncha yoyote. Hiyo pekee inatosha kumfanya mtu wa Kanda ya Ziwa aijue pleti solvingi kuliko mwenzake wa Ulaya.

Shida ni siku inapogoma. Hapo watu wengi hukimbilia kufuta programu na kuisakinisha upya, au kuhamia nyingine. Mara chache sana hilo ndilo jibu. Programu za utambuzi kama ASTAP, Astrometry.net na StellarSolver iliyo ndani ya KStars zimekomaa. Zikikosa jibu, ama picha haina nyota zinazosomeka, ama umezipa namba zisizo za kweli, ama hazina ramani inayofaa. Na wakati mwingine jibu limepatikana vizuri kabisa, ila maunti ndiyo haisikii. Kazi yako ni kujua uko kwenye lipi kabla hujagusa kitu.

Hatua ya 1: Hifadhi picha moja, ipeleke mezani

Acha kubofya "jaribu tena". Zima utambuzi wa kiotomatiki, piga picha moja ya sekunde 5 hadi 10 maunti ikiwa inafuatilia nyota, uihifadhi kama FITS (faili ya picha za anga) au RAW. Kwa kamera za Canon au Nikon ISO 1600 inafaa kuanzia. Kisha ifungue ndani ya ASTAP peke yake, bila NINA, bila maunti, bila draiva yoyote, ubonyeze kitufe cha "Solve".

Ikitambulika hapo, programu yako ya utambuzi ni nzima na tatizo liko kwenye mawasiliano au mipangilio ya ile programu kubwa inayoiita. Ruka hadi hatua ya 5. Isipotambulika, endelea na hatua ya 2, na faida ni kwamba picha hiyo unaweza kuihangaikia kesho mchana ukiwa na chai, bila mbu na bila kupoteza saa za giza.

Hatua ya 2: Itazame kwa macho yako

Ivute hadi ukubwa wa asilimia 100 uitembelee, katikati na pembeni. Programu hizi huchukua nyota nne nne, hupima umbali kati yao, na kutafuta katika katalogi kundi lenye uwiano uleule. Zinahitaji makumi ya nyota zilizo duara na ndogo. Usipoziona wewe, nayo haitaziona.

Nyota zikiwa vipete vyenye tundu katikati, darubini ya kioo iko nje ya fokasi. Tengeneza kinyago cha Bahtinov (kifuniko chenye mipasuo kinachoifanya nyota itoe mistari mitatu) kwa kadibodi, kiweke mbele ya darubini, elekeza kwa nyota angavu kama Shira (Sirius) au Suheli (Canopus) na urekebishe mpaka mstari wa kati ukae katikati ya ile miwili mingine. Usiamini alama ya infiniti kwenye lenzi. Nyingi huivuka.

Nyota zikiwa mistari, pima urefu wa mstari kwa pikseli, kwa sababu urefu huo unakuambia kisa chake. Karibu na ikweta ya anga nyota husogea sekunde 15 za tao (sekunde 3600 za tao ni digrii moja) kwa kila sekunde moja ya saa. Chukua darubini ya milimita 650 na kamera yenye pikseli za mikromita 4.3: picha ya sekunde 5 bila kufuatilia itatoa mistari ya pikseli 55 hivi. Ukikuta 55, maunti haifuatilii kabisa. Ukikuta takriban 110, inafuatilia kinyumenyume! Hilo hutokea sana huku: mtu ameelekeza mhimili kusini kama inavyotakiwa, lakini kwenye kidhibiti ameandika latitudo 2.5 kaskazini badala ya 2.5 kusini, na mota inazunguka kana kwamba yuko kaskazini mwa ikweta.

Nyota zikiwa na ukungu unaozizunguka, na kila picha inayofuata ina nyota chache kuliko iliyotangulia, huo ni umande. Kando ya ziwa unaingia mapema na hauombi ruhusa. Mkanda wa joto kuzunguka lenzi ndio dawa. Kufuta kwa kitambaa ni kupaka tope. Wakati huohuo mulika kioo cha mbele uone kama vijidudu vya ziwani havijatua hapo. Vikija kwa wingi wao, funika darubini usubiri vipite.

Kuna jambo moja la ziwani ambalo hulikuti kwenye mwongozo wa nje. Wavuvi wa dagaa huingia kazini usiku usio na mbalamwezi, kwa taa, zamani karabai na sasa nyingi za sola. Ndio usiku uleule tunaoutaka sisi. Kutoka Capri Point au Kirumba, ziwa liko kaskazini na magharibi, na upeo wa upande huo huwa umetapakaa taa kama mji wa pili. Picha ya kitu kilicho chini upande huo hupata mng'ao unaopanda kutoka ukingo mmoja, na programu huanza kuhesabu kelele kuwa nyota. Usigombane na wavuvi. Fanya utambuzi wa kwanza juu, kati ya digrii 40 na 70, kisha teremka polepole kwenye shabaha yako. Ukienda Ukerewe taa zitakuzunguka pande nyingi, lakini utosini ni peusi kuliko unavyoweza kupata mjini.

Mwisho wa hatua hii, ondoa pikseli moto. Ni nukta za pikseli moja, kali, zinazobaki palepale picha hadi picha. Kupunguza picha kwa 2 wakati wa kutambua, ile mipangilio iitwayo "downsample", huzimeza na huongeza kasi pia. Na usihangaike na picha iliyopinduka au kugeuzwa kama kwenye kioo. ASTAP na Astrometry.net hazijali hilo.

Hatua ya 3: Namba, hapa ndipo wengi wanapofia

Kama picha ni safi na bado inagoma, kuna uwezekano mkubwa umeidanganya programu kuhusu ukubwa wa kipande cha anga kilichomo. Inahitaji kujua kila pikseli inafunika kiasi gani cha anga:

skeli (sekunde za tao kwa pikseli) = 206.265 × ukubwa wa pikseli (mikromita) ÷ urefu wa fokasi (milimita)

Tuchukue Canon EOS 600D, pikseli mikromita 4.3, picha 5184 kwa 3456, kwenye darubini ya kioo ya Newton ya milimita 650. Skeli inakuja 1.36. Zidisha kwa 3456, gawa kwa 3600, unapata kimo cha picha cha digrii 1.31, upana ni 1.96. Kamera hiyohiyo kwenye lenzi ya milimita 200 inatoa skeli ya 4.43 na picha ya digrii 6.4 kwa 4.3. ASTAP inapokuuliza ukubwa wa uwanja inataka kimo, si upana. Watu huandika upana kisha wanalaumu katalogi.

Sasa tafuta uongo ulipojificha.

Urefu wa fokasi ulioandikwa ubavuni mwa darubini ni wa darubini tupu. Ukiweka Barlow (lenzi ya kurefusha fokasi) ya 2x, milimita 650 zinakuwa 1300. Ukiweka kirekebishaji cha koma (lenzi ya kunyoosha nyota za pembeni) kinachozidisha urefu wa fokasi kwa 0.9, zinakuwa 585. Darubini za Schmidt-Cassegrain hubadilisha urefu wa fokasi kadiri unavyosogeza kioo. Lenzi ya zumu ya 70 hadi 300 uliyodhani iko 200 inaweza kuwa 185. Kosa la asilimia 10 linaweza kutosha kabisa kuinyima programu jibu.

Pikseli nazo hubadilika. Ukiunganisha pikseli 2×2 kwenye kamera, pikseli ya 3.76 inakuwa 7.52. Programu nzuri hulijua hilo zenyewe, lakini ukifungua faili kwa mkono unapaswa kulijua wewe. Ukikata picha, kimo kinapungua ingawa skeli haijabadilika. Na ukimtumia mwenzako picha kwa WhatsApp akusaidie kuitambua, inabanwa na kupunguzwa vipimo njiani; atapiga hesabu ya skeli yako na haitakubali hata akeshe. Itume kama faili, yaani "document", isiguswe.

Dawa ya uhakika ni kuacha kukisia na kuiuliza picha yenyewe. Pandisha nakala ya JPEG kwenye nova.astrometry.net, bila kutaja skeli wala mahali. Huduma hiyo hutafuta anga yote kwa upofu, na jibu lake lina skeli halisi. JPEG inatosha, hivyo huna haja ya kuteketeza bando kwa RAW ya MB 25, ila usibadilishe vipimo vyake. Tuseme imekurudishia 1.516. Geuza ile kanuni: 206.265 × 4.3 ÷ 1.516 = 585. Hiyo ndiyo darubini yako ya kweli, na kile kirekebishaji ulichokisahau kimejitaja chenyewe. Andika 585 kwenye NINA, kwenye ASTAP, kwenye KStars, kila mahali.

Huna intaneti huko kisiwani? ASTAP inaweza kutafuta ukubwa wa uwanja yenyewe ukiandika 0. Kwa wanaotumia mstari wa amri:

astap -f picha.fits -fov 0 -r 180 -z 2

Itachukua muda. Ikifaulu, na namba zilizokuwa ndani ya faili zimepotoka, hukupa onyo pamoja na urefu wa fokasi ulio sahihi. Watu wengi hulifunga onyo hilo bila kulisoma kwa furaha ya kuona imefaulu. Lisome.

Hatua ya 4: Ramani iliyomo ndani ya kompyuta

Hapa ni pafupi. ASTAP haifanyi kazi bila kanzidata ya nyota, ambayo hupakuliwa peke yake. D05 inatosha kwa picha zenye kimo cha kuanzia digrii 0.6, D20 kuanzia 0.3, D50 kuanzia 0.2, na D80 kuanzia 0.15. Kwa lenzi pana zinazozidi digrii 20 ni W08. Kwa mifano yetu miwili ya juu D05 inatosha, nayo ndiyo ndogo. Usipakue D80 kwa sababu tu jina lake linasikika kubwa. Kwenye Windows kanzidata ikae folda ileile ya programu.

Astrometry.net ya kwenye kompyuta yako hutumia faili za indeksi, na kanuni ni kuwa na zile zinazofunika kati ya asilimia 10 na 100 ya upana wa picha. Picha ya digrii 1.96 ni dakika 118 za tao, kwa hiyo unazitaka za dakika 12 hadi 118. Mfululizo wa 4100 unaanza na 4107, wa dakika 22 hadi 30, na 4111 inaishia 120. Pakua 4107 hadi 4111, zinatosha, na hata mfululizo huo wote haufiki GB 1. Ukirefusha fokasi na picha ikafunika chini ya nusu digrii, hapo 4100 hazitoshi, nenda 5200. Baada ya kupakua, hakikisha astrometry.cfg inaielekea folda ulikoziweka. Faili zikiwa kwenye "Downloads" hazimsaidii mtu.

Hatua ya 5: Saa, longitudo, na mahali pa kuanzia kutafuta

Picha imetambulika ukiwa mezani, lakini ukiwa nje na maunti inagoma. Sababu ya kwanza ya kushuku ni kwamba programu kubwa huipa ASTAP mahali pa kuanzia kutafuta, na mahali hapo hutoka kwa maunti. Maunti ikiamini iko pengine, ni sawa na kumtafuta mtu Igoma ilhali umeelekezwa Kirumba. Kwa kawaida utafutaji huishia digrii 30 kuzunguka hapo.

Maunti huamini unachoiambia kuhusu saa na mahali. Mwanza iko longitudo 32.9 mashariki. Ukichagua magharibi kwa bahati mbaya, anga yako imehama karibu digrii 66. Kanda ya saa ni UTC+3, na hatuna saa ya majira ya joto. Kisanduku cha "daylight saving" kiwe wazi mwaka mzima. Ukiiacha kanda kwenye 0, umepotea digrii 45, kwa kuwa kila saa moja ni digrii 15.

Kisha kuna mtego wetu wenyewe. Unaulizwa saa, unatazama nje, ni saa 3 usiku, unaandika 03:00. Maunti inataka 21:00. Tofauti ni saa 18, na anga inakuwa imegeuka robo ya mzunguko. Ukiona kosa la karibu digrii 90, usitafute mbali.

Umeme nao una mchango. Ukikatika au betri ikilegea, maunti ikiwaka tena hudhani iko kwenye mkao wake wa nyumbani, ingawa darubini imeelekea kundinyota la Nge. Irudishe kwenye mkao huo kwa mkono kabla ya kuiwasha. Betri ya pikipiki inayoonyesha volti 12 ikiwa imepumzika inaweza kushuka vibaya mota zinapoanza kukimbia. Pima wakati maunti inazunguka.

Kama huna subira ya kukagua yote hayo, weka kwenye NINA programu ya pili ya kutafuta kwa upofu na uiruhusu ichukue nafasi ya ile ya kwanza inaposhindwa. Itakuokoa usiku huo. Ila ukiona inaitwa kila mara, kuna namba ya uongo bado imelala mahali.

Wanaoandika amri kwa mkono wawe macho na vipimo. ASTAP inataka RA kwa saa, na badala ya Dec inataka umbali kutoka ncha ya kusini, yaani Dec jumlisha 90. Kwa Nebula ya Jabari (Orion), M42:

astap -f picha.fits -ra 5.59 -spd 84.6 -r 10

Astrometry.net kwa shabaha hiyohiyo inapokea RA kwa digrii:

solve-field picha.fits --ra 83.8 --dec -5.4 --radius 10 --scale-units arcsecperpix --scale-low 1.3 --scale-high 1.7

Ukiandika 5.59 hapo, unaitafuta Jabari mahali ambapo haijawahi kukaa.

Hatua ya 6: Imetambua, lakini darubini bado inakosea

Kosa likiwa dakika 20 hivi za tao, na liko vilevile kila mara, huo ni mgongano wa epoki, yaani mwaka ambao viwianishi vimehesabiwa. Mhimili wa dunia unayumba, na viwianishi vya J2000 (vya mwaka 2000) vimeachana na vya leo kwa takriban sekunde 50 za tao kila mwaka. Kwenye draiva ya maunti angalia inatumia epoki gani, uache programu ifanye ubadilishaji huo mara moja tu.

Kosa likibadilika badilika, au maunti ikikataa kusinki (kupokea mahali halisi palipotambuliwa), tazama kama kidhibiti hakina orodha yake ya nyota za mpangilio inayopingana na sinki ya kompyuta. Ifute, anza na sinki moja safi. Kagua pia mipaka ya upeo: maunti nyingine hukataa agizo lolote la chini ya kimo fulani bila kusema neno, na Wingu Kubwa la Magellan kutoka kwetu halipandi zaidi ya digrii 23.

Wenye maunti za kawaida za juu na pembeni, zile zisizo za ikweta, wana adha ya ziada hapa Mwanza. Jabari hupita karibu na utosi. M42 hukosa kilele cha anga kwa digrii 3 tu. Maunti ya aina hiyo ikifika hapo inalazimika kujizungusha chini kwa kasi isiyowezekana, na utambuzi unaingia kwenye mzunguko: imetambua, imesahihisha, imepita, imetambua tena. Hakuna mpangilio wa programu unaoponya hilo. Kwa saa moja kabla na baada, hamia kwenye Kilimia, ambacho wakati huo kiko kaskazini magharibi kwenye kimo cha digrii 50 hivi, kisha urudi Jabari ikishateremka upande wa Magharibi.